Siku ya Nne: Kulima na Bibi

Jumapili, Februari 4, 1979

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo, na paa la jiko limevuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya milima ya Gervasi.

Milima yenyewe ni ya mkaa. Gervasi, mume wangu, aliichora ukutani Septemba iliyopita. Alipiga magoti kama mtoto, watoto wetu watatu wamemzunguka, nami napiga kelele kwamba ukuta ule nimeupaka chokaa juzi tu. Alisema likizo ya Desemba tutakwenda kwao Murusagamba, Ngara, na safari hii hatutakwenda kama magunia. Lori litatushusha Mbuba, na kuanzia hapo ni miguu. Siku ya kwanza, Mbuba hadi Bugarama. Siku ya pili, kushuka bondeni na kuoga mtoni. Siku ya tatu, kufika kwa Bibi. Siku ya nne, kulima na Bibi. Siku ya tano, kupanda kile kilima kirefu nyuma ya nyumba, ambacho ukisimama juu yake unaiona Burundi.

"Likizo ni kupumzika," nilimwambia. "Nani amewahi kupumzika kwa kupanda mlima?"

"Wewe mtoto wa ziwani," akasema, "mlima mrefu unaoujua ni kichuguu."

Ni kweli, mimi Mzinza, nimezaliwa karibu na maji, na miguu yangu inapenda tambarare. Lakini Gervasi ni fundi seremala, na akishachora kitu lazima akijenge. Alichonga fimbo tano za kutembelea, kila moja kwa kimo cha mwenyewe. Ya Bonaventura, mtoto wetu wa mwisho, ina kichwa cha ndege. Zote ziko nyuma ya mlango.

Basi Oktoba majeshi ya nduli wa Uganda yakavuka mpaka, na Novemba wanamgambo wa kijiji chetu hapa Biharamulo wakaitwa. Aliondoka amesimama juu ya lori la jeshi, anapunga kofia. "Pasaka, Clotilda!" alipiga kelele. "Hata dunia ipinduke! Wazoeshe watoto! Na uandike kila wanalofanya, nikija nisome!"

Nilimjibu kwamba nina madaftari ya darasa zima ya kusahihisha, la kwangu la nini. Leo nimelianza. Nimechoka kuongea na sufuria.

Jumanne, Februari 6

Sabuni hakuna kwenye duka la kijiji. Tumefua kwa majivu.

Ijumaa, Februari 9

Mazoezi yameanza. Anjelika ana miaka kumi na mmoja na amejifanya kamanda. Kila jioni wanatoka na fimbo zao mpaka kichuguu cha nyuma ya shule, wanapanda, wanashuka, wanapanda tena. Mahandaki tuliyowachimbisha wanafunzi Novemba yamejaa maji na vyura, nayo wanayaruka kama mito. Matiasi, wa pili, anahema kama mzee. "Atakayechoka Bugarama atarudishwa!" Anjelika anampigia kelele.

Bona yeye hajali mlima. Swali lake ni moja tu, asubuhi na jioni: "Mama, siku ya nne ni lini?" Baba yake amemwambia kuwa mhunzi wa kwao ameshafua kijembe kidogo, kipo kwa Bibi kinamngoja.

Kuhusu majembe, Gervasi ana kisa chake. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa Mwanza anajifunza useremala. Sasa kwao, mtu mzima akifa jembe linawekwa chini, boma zima, mpaka kitindamimba wa marehemu aje alishike yeye kwanza. Kitindamimba ndiye Gervasi, na Gervasi akachelewa. Magugu yalifika magotini. Kaka yake, Ildefonce, nusura amle mbichi.

"Yaani mngekufa njaa kwa ajili ya jembe?" nilimwuliza.

"Tungekufa na heshima zetu," akasema, na mwenyewe akacheka mpaka akakohoa.

Jumanne, Februari 13

Amekuja! Si yeye, habari yake. Askari mmoja, mkono umefungwa bendeji, anapita kwenda kwao Geita, ameulizia nyumba ya mwalimu Clotilda.

"Gervasi fundi? Nilimwacha mzima kabisa," amesema. "Anagongelea masanduku ya jeshi huku anaimba vibaya. Amenituma niseme Pasaka palepale."

"Ulimwacha lini?"

"Januari, kama katikati."

Nimempa uji na yai la kuchemsha, na angetaka kuku ningemchinjia. Kuimba vibaya! Basi ni yeye, hakuna mwingine. Nimeimba jikoni mpaka jirani yangu Adelfina akaja kuchungulia.

Jumapili, Februari 18

Shibuda amepita. Huyu ni dereva wa lori la ushirika, moja kati ya machache ambayo jeshi halijayachukua. Ni Msukuma, mtani wangu. Kila akipita lazima apige honi mlangoni na kunitukana: "Mzinza! Bado hujamezwa na kenge?" Nami namjibu kwamba Msukuma hata akipewa usukani anautafutia ng'ombe wa kuuvuta.

Leo hakupiga honi. Amebisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

Shikamoo! Mtu mwenye mvi! Marahaba ilinitoka kwa mazoea ya darasani.

"Nimetoka Murusagamba," akasema. "Mama mkwe wako anaumwa. Anasema njoo, wewe na watoto wote. Msikawie."

"Anaumwa nini?"

"Anaumwa tu."

Akawagawia watoto miwa, akakataa chai, akaondoka. Nadhani na yeye homa inamnyemelea.

Lakini mimi na Mama mkwe tunajuana. Mwaka juzi tuliitwa hivihivi, "Mama anakata roho," tukaacha kazi, tukasafiri kwa vumbi siku mbili, Bona begani. Tulimkuta ndani ya mtumbwi wa pombe anakanyaga ndizi, kanga kaifunga juu ya magoti, anaimba! "Nisingesema naumwa mngekuja?" akasema. Gervasi alicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijacheka. Yule mama akitaka kitu anaugua.

Na bila Gervasi siendi. Safari ni yake, kaichora yeye. Nikienda bila yeye nitakuwa nimekubali kitu ambacho sikikubali.

Alhamisi, Februari 22

Mvua.

Jumatano, Februari 28

Jumatano ya Majivu. Padri alipofika kwangu na kidole chake cheusi, niliyaona majivu nikafikiria ukuta wa jikoni. Mungu anisamehe. Redio ya ofisi ya kijiji inataja miji ya Uganda iliyotekwa, na watu wanapiga vigelegele. Mimi kila mji nauliza ni wa mbali kiasi gani, na atarudi kwa njia ipi.

Jumapili, Machi 4

Maji ya paa yameingia kwenye ramani. Bugarama imebaki nusu.

Jumanne, Machi 6

Mvua. Hakuna habari.

Jumatano, Machi 7

Mvua. Hakuna habari.

Alhamisi, Machi 8

Mvua. Matiasi ameteleza kichuguuni, amechubuka goti. Anasema halimuumi, ili asirudishwe Bugarama.

Jumapili, Machi 11

Shibuda tena. Na shikamoo yake tena.

"Mama mkwe anauliza mbona hamjaenda."

"Mwambie tunamngoja mwanawe. Pasaka tutakwenda wote watano."

Alitazama viatu vyake. "Anasema lete watoto hata kabla ya Pasaka. Hasa huyu mdogo. Anasema msimu unaharibika."

Aa! Nilijua! Msimu unaharibika! Kumbe ugonjwa ni maharage. Anataka vibarua wa kumlimia, tena mpaka Bona ambaye hata jembe halimjui. Nimemwambia Shibuda, "Mpelekee salamu, mwambie mimi ni mwalimu, nina darasa, na jembe ninalo hapahapa."

"Mwalimu," akasema, "nenda tu."

"Wewe umekuwa mjumbe wake tangu lini? Amekupa pombe?"

Nilikuwa namtania ili naye anitanie. Akapanda lori lake. Nikabaki nimesimama kwenye tope mpaka lori likapotea.

Alhamisi, Machi 15

Adelfina amepata barua ya mumewe. Kurasa mbili. Alikuja mbio kunisomea, nami nilitabasamu, nikasema Mungu ni mwema, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha nikaingia jikoni nikamchukia. Namchukia kwelikweli, yeye na kurasa zake. Aliondoka Gervasi na mumewe siku moja, lori moja. Kwa nini mwenzangu kurasa mbili na mimi hata salamu?

Jumanne, Machi 20

Nimekwenda ofisi ya kijiji. Karani ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma.

"Mwalimu, likiwapo lolote litakuja kwenye anwani aliyoandika," amesema.

"Basi anwani ni hapa! Nyumba yake hii, mke wake huyu hapa!"

"Ndiyo, mwalimu. Basi kama halijaja, hakuna neno."

Hilo nimelishika njia nzima. Halijaja, hakuna neno. Nimelirudia mpaka nimefika nyumbani, halafu nikalirudia mbele ya watoto, nao wakaitikia kama sala.

Jumapili, Machi 25

Nimempiga Bona.

Nilikuwa nakuna muhogo. Akaja: "Mama, siku ya nne ni lini?" Nikaendelea kukuna. "Mama, siku ya nne ni lini?" Mkono uliondoka wenyewe. Kofi la uso, mtoto mdogo namna ile. Hakulia mara moja. Alinitazama kwanza, akachukua fimbo yake ya ndege akaenda kulala nayo mchana kweupe.

Nikachukua kitambaa nikakichovya kwenye ndoo. Nikasema leo ndiyo mwisho, nafuta ukuta huu, nafuta milima yote, sitaki kuona mlima. Yote kayaleta yeye na mkaa wake. Watu wengine waume zao waliondoka bila kuahidi kitu, nao wanakaa kimya na maisha yao. Mimi nimeachiwa ratiba!

Anjelika akasimama mbele ya ukuta, mikono ameitandaza.

"Toka."

"Sitoki."

"Anjelika, nitakupiga na wewe."

"Nipige. Ukifuta, Baba atapita wapi?"

Nikakaa chini kwenye maganda ya muhogo. Nililia kwa sauti mpaka Adelfina akaja, yuleyule ninayemchukia, akanishika kichwa akakiweka mapajani mwake. Nikalia na chuki ikanitoka.

Jioni nimemwambia Bona: siku ya nne ni Jumatatu ya Pasaka. Amenisamehe saa hiyohiyo. Sikustahili.

Ijumaa, Machi 30

Mvua. Halijaja, hakuna neno.

Alhamisi, Aprili 5

Shibuda hajapita tangu ile siku. Nimeshikwa na hofu mpya: labda kweli Mama mkwe anaumwa. Ni mzee. Kama anaumwa kweli, na mimi nimemsingizia pombe na maharage? Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Lakini hao hao wanasema haraka haraka haina baraka. Mtu ashike lipi?

Jumapili, Aprili 8

Matawi. Watoto wamerudi na makuti ya mitende, wamepamba ukuta. Siku ya pili imeshafutwa yote na maji. Ya tatu na ya nne bado.

Jumatano, Aprili 11

KAMPALA IMEANGUKA!

Nimeandika kwa herufi kubwa kama darasa la kwanza, na sijali. Redio imetangaza, mwenyekiti wa kijiji ameshindwa kuhutubia kwa kucheka, wanafunzi wamemwagika nje bila ruhusa, kengele ya shule imepigwa mpaka nyundo ikachomoka. Nimecheza na Adelfina barabarani kwenye tope, watu wazima!

Sasa nimefikiri vizuri. Vita imekwisha, wanaume watarudi. Gervasi namjua. Hawezi kurudi huku kwanza halafu aanze tena safari ya Ngara, Pasaka itampita. Atanyoosha moja kwa moja kwao, atusubiri kilimani, aturushie maneno tukipanda tunahema. Ndivyo alivyo. Mwalimu mkuu ametoa ruhusa mpaka wiki ijayo. Tunaondoka kesho!

Nimechukua fimbo zote tano. Ya kwake nitaibeba mimi.

Alhamisi, Aprili 12. Mbuba

Shibuda ametuleta. Nilipomwambia tunakwenda, alifunga macho kidogo, akasema, "Vema, mwalimu." Nauli amekataa. Njia nzima ya msitu watoto wameimba nyimbo za vita, yeye macho mbele. Alipotushusha aliwashika vichwa mmoja mmoja.

"Mtani," nikamwambia, "mbona unatuaga kama tunakwenda Ulaya?"

Alijaribu kucheka. "Kenge asikumeze," akasema, sauti ndogo. Angalau ameukumbuka utani.

Ijumaa Kuu, Aprili 13. Bugarama

Miguu si yangu. Mapaja yanawaka. Lakini, Gervasi, ukisoma hapa usinicheke: ni pazuri. Nilikuwa sijui. Unapanda mpaka unamlaani aliyekuoa, halafu unafika juu, upepo unakupiga, na mbele kuna migomba na moshi wa majiko na kilima kingine na kingine. Matiasi hakuchoka. Amelala na goti lake bovu, anatabasamu usingizini. Watu wa hapa wametupa ndizi na maharage bila kuuliza sisi ni nani. Walipojua tunakwenda boma lipi, wakaongeza chakula na wakapunguza maneno. Wahangaza wenzako ni wakarimu, ila wana aibu na wageni.

Jumamosi, Aprili 14. Bondeni

Tumeoga mtoni kama ilivyopangwa. Maji ya baridi, watoto wanapiga kelele, na mimi, mwalimu Clotilda, nimezama mzima na gauni langu. Nimecheka. Tangu Novemba sijacheka hivi. Kesho tutamwona.

Jumapili, Aprili 15. Pasaka

Tumefika.

Jumatatu, Aprili 16

Jana sikuweza. Leo nitaandika kwa sababu alisema niandike kila kitu.

Tulitokea kwenye kilima cha upande wa pili mchana, jua limetoka baada ya mvua. Anjelika akasema tusimame, kwa sababu Baba alisema kutoka hapo ndipo boma linaonekana lote. Tukasimama. Upande ule mzima ulikuwa kijani, maharage yamefika kiunoni, yana maua. Ila katikati kulikuwa na kipande kikubwa, magugu matupu, yamerefuka yanayumba na upepo.

"Mama, lile shamba la mvivu gani?" Matiasi akauliza.

"La Bibi yenu," nikasema, nikacheka. "Kumbe naye mvivu!"

Nilicheka. Naliandika hilo pia.

Tulikuwa tumeshaanza kushuka ndipo nikasimama. Nilisikia kicheko cha Gervasi jikoni kwetu, kile cha mpaka kukohoa. Jembe linawekwa chini, boma zima.

Basi alikuwa anaumwa kweli. Mama mkwe amekufa, nikasema moyoni. Ameniita mara mbili, nimemwita mlevi, nimemwita mwongo, na amekufa hajawaona wajukuu zake. Nitamwambia nini Gervasi? Nimemuulia mama yake kwa ukaidi. Nilishuka bonde nikipanga maneno ya kumwomba msamaha mume wangu. Watoto walitangulia mbio na fimbo zao, hawajui kitu. Nilipanda upande wa pili kwa mikono na magoti.

Nikafika uani. Mlango ukafunguliwa, akatoka Mama mkwe.

Mzima, kwa miguu yake, kichwa kimenyolewa chote.

Nilimtazama kichwa. Nikamtazama Ildefonce nyuma yake, kanyolewa. Mke wa Ildefonce, kanyolewa. Watoto wao pia. Nikahesabu wote waliokuwa wazima pale uani, nikitafuta anayepungua, na nilimjua kabla sijamaliza.

Sijui nilipiga kelele gani. Anjelika anasema niliita "Pasaka! Pasaka!" Nilimrukia yule mama, nikamshika mabega, nikamtikisa.

"Kwa nini hukuniambia? Miezi miwili! Miezi miwili nangoja maiti! Kwa nini?"

Hakunitoa mikono. "Kifo hakitumwi barabarani, mwanangu," alisema. "Ungekipokea mlangoni kwa dereva, peke yako na watoto. Nani angekushika?"

"Ulisema unaumwa!"

"Je, nilidanganya?"

Nikaanguka, na akanishika.

Ildefonce ndiye aliyenieleza mengine, leo asubuhi. Bomu lililotegwa njiani, Januari mwishoni, siku chache tu baada ya yule askari wa bendeji kumwacha akiimba. Amezikwa hukohuko na wenzake. Habari ilikuja hapa kwa sababu Gervasi mwenyewe alipoandikishwa jeshini na kuulizwa anatoka wapi alitaja kilima hiki, kama kila mtu wa kwao atakavyotaja pale kitovu chake kilipozikwa. Biharamulo kwake palikuwa mahali pa kazi. Na wao wasingeweza kunifuata, kwani mwenye msiba halali nje ya boma mpaka jembe lishikwe.

"Jirani walituambia tulime tu, Mungu anaelewa," Ildefonce alisema. Sauti yake ilikuwa na hasira, na hakuificha. "Mama akakataa. Anasema hawezi kumzika mwanawe mara ya pili kwa jembe. Shemeji, mbegu tumekula. Tulibaki tunaziangalia zinaoza na mvua, watoto wanalia, tukazila. Maharage mwaka huu hakuna tena. Labda viazi."

Niliwatazama watoto wake. Miguu kama fimbo zetu. Muda wote ule mimi nilikuwa Biharamulo namngoja Gervasi ndipo nije, na wao huku wananingoja mimi ndipo walime. Hakuna aliyekuwa na kosa, ningempata mwenye kosa ningemrarua.

Mama mkwe alitoka na kijembe kidogo. Mpini wake mweupe, mpya. Akamkabidhi Bona, kitindamimba wa Gervasi. Wakatoka wote mpaka kwenye magugu, kina mama na majembe yao begani.

"Hiki ndicho changu?" Bona akauliza. "Leo ndiyo siku ya nne?"

"Ndiyo, baba," Bibi akamjibu. "Ndiyo leo."

Akakiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, ulimi nje, akakipiga chini. Hakikuingia sana. Kilikata udongo kama wa kiganja. Lakini kabla hajainua mara ya pili kina mama walishashuka shambani wote pamoja, wanalima kama watu wanaokimbizwa, magugu yanaruka, Ildefonce mbele yao analia na kulima, analia na kulima. Kuganduka, wanaita, kuvua msiba. Nilikuwa nimesimama, mimi niliyeuliza kama watu watakufa njaa kwa ajili ya jembe. Mke wa Ildefonce alinisogezea la kwake, akaenda kutafuta jingine. Nikalima. Nimelima mpaka malengelenge yamepasuka, na kila pigo nimemtukana Gervasi na kumwita.

Watoto nimewaambia mwenyewe, pale shambani, baada ya kazi. Anjelika alikuwa anajua tangu jana. Matiasi amekaa chini ya mgomba, hataki kuguswa. Bona amesikiliza yote, kisha akaenda kuosha kijembe chake.

Mama mkwe ameiona fimbo ya tano ukutani. "Hii ya nani?" Ameichukua, amepapasa ile kazi ya kisu kuanzia juu hadi chini, na sasa amekaa nayo mlangoni. Anasema magoti yake hayajapanda kile kilima cha nyuma tangu alipokuwa na mimba ya Gervasi.

Bona amerudi sasa hivi, mikono inachuruzika maji. Anauliza kama kesho ni siku ya tano.

Nimemwambia ndiyo. Tutapanda na Bibi.